Stoimenka na Ndege Isiyonguruma

Wifi yangu Stoimenka hajui kunong'ona. Si kwamba hana adabu; katika ukoo wa marehemu mume wangu, Dimo, wote walilelewa vizuri. Ni kazi iliyomharibu. Kwa miaka ishirini na saba alishona vitambaa vya viti vya ndege katika karakana ya uwanja wa Sofia, mlango wazi, ndege za Tupolev zikiwasha injini hatua mia moja tu kutoka kwenye cherehani yake. Kila kiangazi alipewa tiketi ya bure kwenda Varna, safu ya mwisho kabisa, injini zikiwa nyuma ya masikio. Huko ukitaka kumpa jirani siri, ulimpigia kelele, na siri ilibaki siri.

Alipostaafu alirudi kwetu Kyustendil. Yeye hakuolewa, mimi ni mjane, basi tunaishi pamoja. Akiniita mezani, mbwa wa mtaa wa pili huitikia.

Kyustendil ni mji wa cheri, na nyumba yetu inajulikana kwa jemu ya cheri nyeupe ya mama mkwe wangu. Askofu aliila akaomba kijiko cha pili. Kwa bahati mbaya mama mkwe alifariki bila kuandika kipimo hata kimoja. Mimi nilisomea Kifaransa chuo kikuu. Stoimenka anajua kushona. Tulijaribu mara mbili, na mara zote mbili tulitupa sufuria pamoja na kilichokuwamo. Tangu hapo, miaka kumi na moja sasa, jemu hutoka kiwandani, na Stoimenka huloweka chupa katika beseni mpaka karatasi zake zibanduke.

Binti yangu Bilyana alipochumbiwa na Radoslav, mama wa kijana, Evdokia, mwanamke wa Sofia wa kunyoosha shingo, alionja ile jemu akafumba macho. "Mkwe," aliniambia, "familia inayotunza kitu kama hiki itamtunza na mwanangu." Nilielewa. Ndoa ya binti yangu ilikuwa imesimama juu ya kijiko. Mume wa Evdokia, Kamen, hakuja siku hiyo, alikuwa na mafua. Lakini tulisimuliwa kwa kirefu jinsi alivyokuwa rubani.

Harusi ilipangwa Lisbon, ambako vijana wanafanya kazi. Tukasafiri ndege moja na wakwe, wao safu mbili mbele yetu, chupa kumi na mbili zikiwa katika mizigo. Kamen alivaa kofia na miwani myeusi, akatusalimia kwa kidole kimoja.

Ndege ilikuwa mpya kabisa, na Stoimenka aliikagua kama mama mkwe anayekagua jiko.

"Hiki ni kiti au ubao wa kupigia pasi?" aliuliza akikibonyeza. "Vyangu vilikuwa na sponji nene namna hii!"

"Vimefanywa vyembamba, wifi, ili magoti yapate nafasi."

"Magoti yangu hayajawahi kulalamika. Makalio ndiyo yanalalamika."

Dirisha lilimfurahisha, lilikuwa pana hata uso wake wote ukaenea. Kabati za juu zilimshangaza. Zamani juu palikuwa na rafu wazi ya makoti na kofia, na mfuko wako uliupakata. Hizi zilimeza sanduku zima na kufungwa. Peremende ndizo zilizomuudhi, kwa sababu hazikuja. Enzi zake mhudumu alipitisha sinia kabla ya kuruka, ili masikio yasizibe. Akatoa pakiti yake, akagawa safu kwa safu. Kijana mmoja Mreno alijaribu kukataa, akatiliwa mbili.

Tukaruka. Stoimenka alinishika mkono.

"Wifi! Injini imezima!"

Watu kadhaa walijifanyia ishara ya msalaba.

"Haijazima. Hizi mpya ndivyo zilivyo, ziko kimya."

Akili yake ilikubali. Koo lake halikukubali. Tulipokwisha kupewa chai aliniinamia, akaziba mdomo kwa kiganja kwa heshima zote, na kusema kwa sauti ya karakana:

"Ile chupa moja karatasi imegoma kutoka! Evdokia akiona jina la kiwanda, tumekwisha!"

Nikamkanyaga.

"Unanikanyaga nini? Yuko mbali, hasikii! Miaka kumi na moja hakuna aliyesikia!"

Huko mbele, nywele za Evdokia ziliacha kutikisika. Akilini nilimwona Bilyana wangu amesimama kanisani peke yake.

Kisha kutoka safu ile ile ilisikika sauti ya mwanamume anayenong'ona kama anavyonong'ona Stoimenka:

"Afadhali, mke wangu! Kama jemu yao ni ya kiwandani, na mimi nipumzike! Huyo mshona viti ananijua. Tangu asubuhi na miwani hii, sioni hata chai! Atawaambia nilikuwa nasukuma ngazi za abiria!"

Stoimenka alisimama. "Kamen! Kamen wa Ngazi! Nilisema huo mgongo naujua! Uliniacha juu mlangoni mwa ndege nusu saa, na vitambaa arobaini mikononi!"

"Lilikuwa gurudumu, mama! Gurudumu lilikwama!"

Wabulgaria walicheka mpaka wakashika mbavu, Wareno wakaomba watafsiriwe.

Nilifungua mkanda, nikaenda mbele. Evdokia naye alikwisha kusimama. Tulikutana katikati ya njia, ambayo katika ndege mpya bado ni nyembamba kama zamani.

"Mkwe," alisema polepole, shingo imenyooka, "kuna mtu alisema jambo? Sikusikia kitu. Ndege hizi zina kelele mno."

"Mno," nikasema. "Hata mimi sikusikia."

Kamen alikunywa chai yake bila miwani mpaka Lisbon.

Siku ya harusi rubani Kamen alitoa hotuba, akazungumzia mawingu. Lakini asubuhi ya siku hiyo, kabla ya kwenda kanisani, nilikwenda chumbani kwa Evdokia kuazima pasi. Nilimkuta kwenye sinki, mikono ya gauni imekunjwa, anaikwangua kwa kucha karatasi ya ile chupa ya kumi na mbili. Stoimenka alikuwa nyuma yangu, na ghorofa nzima ilimsikia:

"Kwa kucha haitoki, mkwe! Maji ya moto na siki!"