Kiti cha Nyuma cha Ildefonsa

Pale Nyakanazi mtu hakununua kigari cha mbio bila kumwita Desderius kwanza. Ni vile vigari vifupi, tumbo karibu na lami, bomba la moshi nene kama mhogo wa mwaka wa pili, ambavyo vijana wanavipenda kuliko kula. Desderius aliendesha malori mpaka magoti yakamgomea, lakini masikio yalibaki. Kigari alikikimbiza kwenye lami ya kuelekea Biharamulo, akakikanyagia breki ghafla, akakikunja konani, kisha akakiingiza njia ya vumbi ya Kaniha, mkungu wa ndizi na gunia la maharage vikiwa kwenye buti.

Na kiti cha nyuma alikaa mkewe, Ildefonsa.

Huyo ndiye aliyekuwa nusu ya kazi, ingawa sifa alipewa mmoja. Mwanamke mnene, kiuno kibovu tangu alipomzaa Consolatha, ulimi usiojua pazia. Mumewe angesifu injini weee. Yeye angeshuka polepole, akung'ute vumbi kwenye kitenge, ndipo atoe hukumu. Kigari kimoja alisema ni cha kwenda, si cha kurudi. Kingine aliuliza kama aliyekiunda alizaliwa na mama au aliokotwa. Wenye magari walicheka shingo upande, lakini walisikia. Asiposhika kiuno, gari linanunuliwa. Na ule mkungu wa majaribio aliupika yeye jioni, wakala wawili wakibishana.

Kwaresima iliyopita Ildefonsa alifariki. Walimpeleka kwao Murusagamba juu ya lori, Desderius ameketi kando ya jeneza njia nzima. Kila shimo alisubiri. Ilikuwa barabara mbaya kuliko zote walizopita pamoja, na mama wa watu hakusema neno.

Matanga yalipokwisha, akaja Leonidas, kijana wa duka la vipuri, na kigari chekundu alichotaka kukinunua. Alitaka kimfae yeye kwa mbio zake, na kimfae mama yake, Priscila, ambaye yeye humpeleka kliniki kila mwezi. Pale stendi walishaanza kusema mzee amekwisha. Desderius mwenyewe alitaka kujua kama bado ni mjaribu magari, au ni mgane tu.

Kwenye lami kigari kilipita kama panga kwenye mgomba. Breki zilishika, usukani ulikuwa mtiifu. Njia ya Kaniha kilikwangua tumbo mara moja tu. Aliporudi akazima, akazunguka kama desturi yake, akafungua mlango wa nyuma na kunyoosha mkono.

"Haya, Mama Consolatha. Sema."

Kitini palikuwa na vumbi tu. Leonidas, aliyekaa mbele, akatazama pembeni.

Desderius akaufunga mlango, akaomba Priscila aletwe. Bibi akaamkiwa, akapandishwa, wakairudia njia ileile. Akashuka wima, anatabasamu.

"Mama, hakijakuumiza?" Desderius akamuuliza.

"Hapana, baba. Kizuri."

"Sema ukweli, mama yangu. Ndiyo kazi yenyewe."

"Kizuri, baba. Gari la mtu linasemwa?"

Leonidas alishashika simu kumwita mwenye gari. Priscila akawaaga, akaenda zake taratibu mpaka nyuma ya duka, mahali alipodhani haonekani. Hapo akaegemea ukuta, akashika kiuno kwa mikono miwili, macho amefumba.

Desderius alimwona. Akajua kwamba hata akiwapandisha akina mama wa mji mzima, wote watashuka na adabu zao, naye atabaki kuwachungulia nyuma ya kuta.

"Usikinunue," akamwambia Leonidas. "Kinamuumiza mama yako. Na mwingine akija na gari, mwambie nimeacha."

"Lakini mzee, si umekijaribu vizuri tu?"

"Nimejaribu nusu."

Akafungua buti, akautoa mkungu wa ndizi, akaubeba mwenyewe mpaka nyuma ya duka, akamwekea Priscila miguuni. Nyumbani hapakuwa na wa kuupika.