Pedi Haikuwa na Kosa

Nakumbuka siku hiyo kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na mama yako asinisikie nikisema hivyo. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, leseni ya pikipiki mfukoni, na pale steji ya bodaboda ya Kaloleni hakuna aliyenifikia kwa maringo. Nilizoea kuteremka kona za Wundanyi na magunia mawili ya kabeji nyuma, huku nikipiga mluzi.

Karibu na steji palikuwa na kibanda cha gemu. Mwenyewe alikuwa Mama Wakesho, mjane aliyelea watoto watatu kwa runinga mbili na pedi nne za kushika mkononi na kuchezea. Gemu iliyovuta watu ilikuwa ya mashindano ya pikipiki, nayo ilikuwa ngumu ajabu: ukikosea kidogo tu, pikipiki inalala. Niliingia nikicheka. Mimi nishindwe, mwenye pikipiki ya kweli? Nikachagua ile nyekundu, kubwa kuliko zote.

Kona ya kwanza, chini. Kona ya pili, chini. Kona ilipokaza nililalia upande, nikatupa mguu nje kama tunavyofanya sisi watu wa boda tukiteleza kwenye matope, nikapiga teke kreti ya soda. Watu walicheka mpaka machozi. Kwenye skrini hakuna mguu wa kukanyagia chini, mwanangu, lakini hilo sikulijua bado.

Kicheko kile kiliniuma. Nikaitupa pedi kwenye benchi nikasema kwa sauti, "Pedi za huyu mama ni mbovu. Anakula pesa za watu bure." Ulimi hauna mfupa. Kesho yake nikayarudia maneno hayo stejini, na kesho kutwa pia. Wiki haijaisha, vijana walikuwa wamehamia kibanda kingine upande wa sokoni, na Mama Wakesho akabaki na runinga zake na viti vitupu.

Aliyenikemea ni jirani yake, Mzee Ouma, dereva wa treni aliyestaafu. Siku nilipoanguka alikuwa mle kibandani akichaji simu. Alinikuta stejini nikingoja abiria.

"Wewe kijana, ulipotoka msichana fulani alicheza na hiyo hiyo pedi. Akamaliza raundi zote. Sasa hiyo pedi ilipona aje?"

Nikainama nikaanza kufuta kioo cha pikipiki.

"Hiyo mchezo yenu mimi siijui, lakini breki naijua. Treni unaishikia breki kabla ya kona. Wewe unaingia na moto wote, halafu ukiwa ndani ndio unaanza kutafuta breki. Na ukianguka unatafuta mtu wa kuangukia. Umeangukia mjane."

Niliona haya, mwanangu. Mchagua jembe si mkulima, na mimi nilikuwa nimelitukana jembe la mwenzangu mbele ya mtaa mzima.

Nikaenda kwa Mama Wakesho kuomba msamaha. Hakunifukuza, wala hakunichekea.

"Nimesikia," akasema. "Lakini uliniharibia jina kule stejini, na hapa tuko wawili tu. Haya, kaa. Anza na ile ndogo."

Nikaanza na pikipiki ndogo, ile ya kuchekwa. Nilianguka siku ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Taratibu nikajifunza kuachia mafuta mapema, kushika breki nikiwa bado wima, kutazama kona inapoishia badala ya kutazama gurudumu, na kutoongeza moto mpaka pikipiki inyooke. Kuteleza si kuanguka, wanasema. Mimi nilianguka hasa, na bado nikainuka.

Jumapili moja baada ya kanisa nikaita steji nzima kibandani. Nikashika pedi ile ile niliyoitukana. Nilimaliza wa mwisho, lakini sikuanguka hata mara moja. Kisha nikasimama nikawaambia, "Pedi hizi zilikuwa nzima tangu mwanzo. Mbovu nilikuwa mimi."

Wengine walirudi siku hiyo hiyo. Wengine hawakurudi kamwe, maana uongo wangu walishauamini, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Kibanda kilipona, ila kwa shida.

Nakwambia haya kwa sababu juzi nilikusikia ukisema umefeli hesabu kwa makosa ya mwalimu. Labda ni kweli. Lakini jiulize kwanza wenzako waliopita walifundishwa na nani. Punguza mwendo kabla ya kona, usingoje uwe ndani yake. Usione haya kuanza na kidogo. Ukianguka, sema nimeanguka mimi. Na ukimchafulia mtu jina hadharani, ukamsafishe hadharani, tena mapema, kwa sababu uongo ukishafika mbali hauitiki tena ukiuita.

Mungu akupe macho ya kuona kona ikiwa bado mbali. Na siku atakayokuachia uanguke, mwanangu, uanguke peke yako, asiwepo mtu chini yako.