Fundi Sekunde na Jitu la Mwisho

Wapwa zangu, mjomba wenu hajawahi kushindwa na mashine. Shule niliiacha darasa la sita kwa sababu walimu walikuwa wameniishia maneno. Kwa hiyo mume wa dada yangu, fundi saa tuliyemwita Sekunde, alipoanza kupofuka alinitafuta mimi, si mwingine.

Ilikuwa presha ya macho. Daktari alimwambia kilichokufa hakifufuki, na kilichobaki ni cha miezi tu. Akafunga kibanda, akabaki na kigemu cha mkononi, Kijapani kitupu, alichokicheza miaka miwili: watu wanne wadogo, mmoja wao msichana mganga, wanavuka nchi nzima kwenda kupigana na jitu lililoiba jua. Kijapani hajui hata salamu. Alama zote alizichora kwenye daftari la kazi, na pembeni akaandika kila moja inafanya nini. Mimi ningekitupa chooni siku ya pili.

"Shemeji," akaniambia, "nataka kujua mwisho wake tu."

Basi mimi nikawa macho, yeye akawa akili: mimi nasema alama inafanana na nini, yeye anasema inafanya nini. Kila alasiri tulibanana kwenye kochi kama wachumba.

"Soma."

"Kiti kimevunjika mguu."

"Huo moto. Shuka."

"Mtu kabeba ndoo mbili."

"Dawa. Usiiguse, zimebaki tisa."

"Unanifundisha mimi?"

"Wewe hasa. Hicho kichwa umepewa shingo isilowe mvua."

Dada alicheka jikoni mpaka akaangusha mwiko.

Macho yake yalizimika kabisa wiki tuliyofika kwenye ngome ya jitu. Asubuhi moja alipelekwa kliniki, akaniachia kigemu: "Usiguse kitu." Nani wa kuniambia mimi nisiguse? Nilitaka arudi akute njia nyeupe. Nikaingia, nikapigana kiume, nikamwaga dawa zote tisa kama maji ya bomba. Mlango wa mwisho ukajifunga nyuma yangu. Kioo kikauliza swali, nikajibu ndiyo, maana mimi mtu wa ndiyo. Kumbe kiliuliza kama nihifadhi mchezo hapo hapo, na ule wa nyuma ufutike. Kikahifadhi: mbele jitu, nyuma ukuta, mfukoni hamna hata chupa moja ya dawa.

Aliporudi nilimwambia nusu. "Tuko mbele ya jitu."

Akaenda kuvaa shati safi.

Siku kumi na moja tulikufa. "Mpe dawa yule msichana mganga," alisema kila mara. "Nimempa," nilijibu. Ningempa nini?

Siku ya kumi na mbili nikaruka kochini. "Limeanguka! Jua hilo, shemeji! Msichana amerudi kwao, mama yake kasimama mlangoni, analia!"

Hakutabasamu. Kigemu kilikuwa kikilia kinanda cha taratibu.

"Huo muziki wa kufa, shemeji. Dawa ziliisha lini?"

"Siku ya kliniki."

"Ukahifadhi ndani?"

"Ndani."

Vidole vyake vikasugua vifungo vya shati.

"Tuanze upya," nikasema. "Miaka miwili si kitu. Mimi macho ninayo."

"Macho unayo," akasema.

Akainuka, akapapasa ukuta mpaka chumbani, akafunga mlango. Ilikuwa saa kumi tu alasiri.

Dada akachungulia kutoka jikoni. "Mmeshinda?"

Nikamwambia apunguze sauti, mumewe amelala.