Mwanaume wa Kwenye Ile Picha ni Baba Yangu

Admin nifiche jina, na kijiji usikitaje, huku tunajuana. Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, nalima mpunga huku Mpimbwe. Nimewaandikia nyie kwa sababu mdogo wangu hafuati ukurasa huu. Nimechoka jamani.

Kuna ukurasa mwingine umerusha habari ya zamani ya mwanamke wa Mwese aliyeuawa na mumewe. Wameweka picha kutoka kwenye gazeti la wakati ule, mwanaume ameshika jembe, macho mekundu, juu pameandikwa MUUAJI. Yule ni baba yangu, na hajaua mtu. Aliyeua ni baba mdogo, ndiye aliyekuwa mume wa marehemu, na alifia gerezani. Siku mwandishi anafika na kamera, baba mdogo alikuwa ameshakimbilia porini. Baba ndiyo kwanza anatoka kuchimba kaburi la shemeji yake, amelia mpaka macho yamevimba. Wakampiga picha, wakaandika hilo ndilo jembe lililoua. Gazeti lilivyoshuka na basi, watu waligombania. Baba alienda kulalamika, akaambiwa limeshauzika. Tukahama milimani, tukaja huku.

Marehemu aliacha mtoto mchanga. Mama yangu alimlea, na mpaka leo mdogo wangu anajua yeye ndiye kitinda mimba wetu. Sasa ameposwa, na upande wa mume wameiona ile posti. Kuna mtu kakomenti kwamba mzee alihonga akatoka, na labda ni wewe unayenisoma. Mdogo wangu alikuja na simu mkononi, akauliza, "Baba, huyu ni wewe?" Baba akajibu, "Ni mimi."

Nilimbana baadaye aniruhusu niseme ukweli. Akaniambia, "Akinichukia mimi, ataolewa na maisha yataendelea. Akijua nani alimuua mama yake, ataishije?" Lakini inaniuma, tena sana.

Wakwe wamekubali ndoa, ila yule mzee asionekane kwenye sherehe. Mdogo wangu karidhia. Hata shikamoo hampi tena.

Nishaurini ndugu zangu. Nimwambie, au nimwache aende hivyo hivyo? Msiniambie niombe, nimeshaomba. Harusi ni Jumamosi. Baba kaniomba nikitoka huko nimfungie pilau kidogo, na nije nimsimulie binti yake alivyopendeza.