Nani kafuta rangi kwenye grafu yangu?

Jamani, leo nimemshuku mtu mzima mbele ya ofisi nzima ya walimu.

Jana nilichora kwenye kompyuta grafu ya kufundishia kidato cha sita: mistari miwili iliyopinda, na eneo la katikati yake nikalipaka kijani.

Asubuhi nafungua kompyuta, nusu ya rangi haipo!

Kushoto kijani kimejaa. Kulia, mistari ikishakatana, peupe kabisa.

Aliyeazima kompyuta yangu jana nilipoondoka ni mmoja tu: Mama Kalolo, mwalimu wa fizikia. Nikamfuata mezani kwake, kompyuta mkononi.

“Shikamoo mama. Umegusa grafu yangu?”

“Marahaba. Nilichapa mtihani tu.”

Nikacheka kile kicheko cha kutoamini. “Sasa rangi imejifuta yenyewe?”

Walimu wengine wakageuka kututazama.

Akavaa miwani, akaisoma amri niliyoiandikia kompyuta ipake rangi, neno kwa neno.

“Baba, umeiambia ipake pale tu mstari wa kwanza unapokuwa juu. Ikishakatana, wa kwanza unakuwa chini. Itapakaje?”

Hapo nikakumbuka. Jana kabla ya kuondoka niliirefusha grafu kuelekea kulia, nikahifadhi bila kuitazama. 🤦🏾‍♂️

Nikamwomba radhi. Akanirekebishia amri, kijani kikajaa pande zote. Kisha akanisogezea kompyuta.

“Chukua. Mtihani nitaumalizia kwa mkono.”

Nimemnunulia chai na maandazi. Hajavigusa mpaka tunatoka.

Nyie mngefanyaje? Niende nyumbani kwake Mazwi leo, au nimwache apoe kwanza?