Kitambaa Cheusi Uani kwa Bibi Kabula

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha utafiti wa mbu, nilitarajia darubini. Mkuu wa Kituo akanipa kitambaa cheusi na wavu wenye mpini mrefu. "Mbu dume haumi, kijana," akasema. "Jua likizama wanacheza hewani kwa makundi wakingoja majike. Wewe tafuta wanapochezea."

Wanapochezea wanapachagua kwa macho. Hutafuta doa jeusi kwenye ardhi nyeupe, tuseme samadi iliyomwagika, wakaelea juu yake kila jioni. Pasipo na doa tulitandaza kitambaa, nao wakaja. Nilianzia Pasiansi, nikazunguka vijiji vya ziwani mpaka magoti yakaisha.

Kijiji changu cha mwisho kilikuwa Kigongo. Tulitandaza uani kwa Bibi Kabula, mjane aliyeishi peke yake, kwa kuwa uwanja wake aliufagia ukawa mweupe. Majirani wakaanza kunong'ona habari za uchawi: nguo nyeusi, kila machweo, kwa kikongwe mwenye macho mekundu. Macho yenyewe ni moshi wa kuni tu. Lakini huku kwetu vikongwe wamekatwa mapanga kwa maneno madogo kuliko hayo.

"Mwanangu," Bibi akaniambia, "hiyo nguo yako itaniua."

Nilimpelekea Mratibu wa Mradi wetu wa mbu habari hizo. "Waite majirani uwaonyeshe," akasema. "Wakijionea wenyewe wataelewa."

Wakaja. Niliwaonyesha mbu wakielea juu ya kitambaa, kisha nikakiburuta polepole hadi karibu na zizi. Kundi zima likakifuata. Niligeuka nikitabasamu, nikaona hakuna mwingine anayetabasamu.

"Kumbe hata mbu anawatuma yeye!" mama mmoja akasema, akamvuta mwanawe.

Nilieleza mpaka sauti ikakauka. Kesho yake binti wa Bibi alikuja kumchukua, akamhamishia kwake Igoma. Niliumia sana, na bado naumia.

Sasa nimestaafu, nimechoka, macho yameingia ukungu. Vijana wa kazi hii wakija kuniuliza mbinu, nawaambia kitambaa kisitandazwe uani kwa mtu. Samadi inatosha, na haimsemi mtu vibaya.

Juzi nilikwenda Igoma.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wale mbu bado wanacheza pale kwangu?"

"Bado wanacheza, Bibi."

Alirekebisha khanga yake mabegani.

"Wao hawakufukuzwa," akasema.