Reli Iliyovimba Saa Nane Mchana

Bibi Yasinta ana treni. Nikiwaambia wenzangu wa kidato cha tatu wanacheka, wanasema "Hamida naye kaanza", kwa sababu Masasi hakuna treni na hata wazazi wetu wamezaliwa haipo. Lakini anayo. Ipo sebuleni kwake hapa Lisekese, kwenye plaiwudi mbili zilizofunika meza yote ya chakula, na mwenyewe siku hizi anakula amepakata sahani.

Ni jirani yetu. Alifanya kazi miaka thelathini na moja Ndanda, kwenye chumba cha kushonea cha hospitali ya misheni, akitia viraka mashuka na kushona nguo za chumba cha upasuaji. Alipostaafu, bruda mmoja Mjerumani aliyekuwa anarudi kwao alimpa boksi. Ndani mlikuwa na vipande vya reli thelathini na sita, kila kimoja kama urefu wa rula yangu, kichwa cha treni cheusi kinachoenea kiganjani, mabehewa manne na transfoma ya kupunguza umeme. Bruda hakukosea mtu. Kila alipopeleka nguo zake kushonwa, kwa miaka yote ile, Bibi alikuwa anamsimulia treni ya Masasi.

Maana ilikuwepo kweli. Mimi nilidhani ni hadithi tu mpaka nilipomwuliza mwalimu wa historia. Wakoloni waliijenga kutoka Mtwara kwa ajili ya karanga, karanga zikawashinda, na mwanzoni mwa miaka ya sitini reli ikang'olewa. Baba yake Bibi alikuwa mtu wa genge, wale waliotembea na nyundo begani kukagua njia. Walikaa nyumba za genge, nje kidogo ya Masasi: baba, mama, kaka yake Dunstan, na yeye. Reli ilipoondoka Bibi alikuwa na miaka kumi, Dunstan kumi na mitatu.

"Sasa Bibi, siku wanang'oa, nyie watoto mlifanya nini?"

"Tulikwenda kuokota nati. Dunstan alijaza mifuko ya kaptula mpaka kaptula ikamvuka mbele ya mzungu."

Alicheka peke yake kwa muda mrefu, halafu akafuta vumbi juu ya behewa ambalo halikuwa na vumbi.

Simu ndiyo iliyomfungulia dunia. Mjukuu wake alimwingiza kwenye kundi la WhatsApp linaloitwa Treni za Mezani. Wamo watu wa Tanga, Tabora, Nairobi, Mafinga, watu wazima kabisa, wote wanatengeneza treni ndogo na kuulizana: mwenzangu, behewa langu linaruka kwenye kona, nifanyeje? Gundisha nati chini yake, lipate uzito. Udongo wa njia unautengenezaje? Chemsha vumbi la mbao na majani ya chai, anika. Bibi hapendi kuandika, anatuma sauti, na akituma sauti yeye huanza na salamu kwa wote, wagonjwa na wazima, kabla hajafika kwenye treni. Wao wanamwita Bibi Masasi. Yeye ndiye aliyewafundisha kutengeneza mkorosho kwa dodoki: unakata kipande cha dodoki kavu, unachovya kwenye rangi ya kijani, unakisimamisha kwenye kijiti, tayari mti umejaa majani. Hiyo ilipendwa mpaka mtu wa Nairobi akaomba atumiwe mbegu za dodoki.

Tatizo lake lilikuwa moja. Treni ilikuwa inazimika njiani. Umeme unapita ndani ya reli zenyewe, na kwenye viungo vilivyolegea haupiti, basi kichwa kinakwama kama mbuzi aliyekataa kamba. Bibi akikisukuma kwa kidole, kinatembea kidogo, kinakwama tena.

Angeweza kuvumilia. Lakini mwezi wa kumi ulipoanza, simu ilitoka Newala. Mzee Dunstan, ambaye amelima korosho kule juu maisha yake yote, ugonjwa wa presha ya macho ulikuwa umemmaliza. Haoni tena. Binti yake Imakulata, mwalimu wa huko Mwanza, alikuwa anakuja kumchukua moja kwa moja. Wangeshuka kutoka Newala siku ya Jumanne, walale kwa Bibi, alfajiri wapande basi la Dar na kuendelea.

"Hamida, Mwanza ni wapi?" Bibi aliniuliza, ingawa anajua.

"Mbali, Bibi. Kule ziwani."

"Akifika huko ndiyo basi. Mimi kwa magoti haya nimfuate Mwanza? Na yeye kwa macho yale arudi Newala?" Akaigeukia meza. "Hii treni lazima izunguke mbele yake. Mara moja tu, mzunguko mzima. Tangu nipewe hili boksi ananiambia kwenye simu nacheza na midoli."

Akatuma sauti kwenye kundi. Aliyejibu alikuwa Abuu wa Mafinga, fundi wa redio na ndiye kiongozi wa kundi. Huyo ni kijana anayejua, na anajua kwamba anajua.

"Bibi yangu, shikamoo. Hapo dawa ni moja. Lehemu viungo vyote kwa risasi. Vyote! Reli iwe kitu kimoja, mwanzo mpaka mwisho. Mimi yangu nimelehemu mwaka wa tatu huu, haijawahi kuzima."

Kumi na moja wakaweka dole gumba.

Bibi akaazima chuma cha kulehemu kwa Faruku, fundi simu wa barabarani. Faruku alitaka kuja kumfanyia, akamkatalia. Mikono iliyoshona miaka thelathini na moja haitetemeki. Jumapili alipotoka misa ya kwanza, kabla jua halijawa kali, alikaa na kulehemu kiungo kimoja baada ya kingine, miwani imeshuka puani, moshi unapanda. Saa nne asubuhi akawasha. Treni ikazunguka mara moja, mara mbili, mara tano, bila kusita, kimya kabisa. Bibi akapiga vigelegele mpaka mama yangu akakimbilia uani akidhani kuna mtoto kazaliwa. Video ikaenda kwenye kundi. Abuu akajibu, "Nilisemaje?"

Tangu hapo hakuigusa tena, asije akaiharibu. Akaifunika kwa shuka.

Jumanne nilitoka shule mapema, tulikuwa na mtihani mmoja tu. Joto lilikuwa lile la mwezi wa kumi Masasi, linaloanguka kutoka kwenye bati kama mtu ameweka pasi juu ya kichwa chako. Nikawakuta kwa Bibi, wameshafika na wameshakula. Mzee Dunstan alikuwa mrefu, mwembamba, fimbo katikati ya magoti. Nikamwamkia.

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Hamida, wa nyumba ya jirani."

"Na wewe umekuja kuangalia midoli?"

"Kaka, ngoja kwanza," Bibi alisema. "Ngoja usikie."

Ilikuwa saa nane. Akavua shuka, akawasha. Kichwa kikaondoka vizuri na mabehewa yake manne, kikapita stesheni, kikapita mikorosho ya dodoki, kikafika kona ya dirishani, kikalala ubavu. Mabehewa yakakipanda mgongoni.

"Kimefanyaje?" aliuliza Mzee Dunstan.

Bibi akakirudisha njiani. Kikaanguka palepale. Akakirudisha tena. Mara ya tatu kikaanguka hadi sakafuni na Imakulata akakiokota chini ya kiti, akampa shangazi yake bila kumtazama usoni.

"Imeanguka," akasema Mzee Dunstan. "Hata treni ya wazungu wa karanga haikuwa inaanguka hivi, Yasinta."

"Kaka, nyamaza."

"Mimi nasema tu."

Wakaanza kuzozana kwa Kimakonde, harakaharaka, na mimi sikishiki kikienda mbio hivyo. Nikainama kutazama kona. Reli ilikuwa imevimba. Imejitokeza nje na kung'oa misumari miwili midogo, imepinda kama nyoka aliyemeza kitu. Bibi akapiga picha, akatuma. Abuu akajibu palepale: "Bibi hukugongelea vizuri. Ongeza misumari."

Akaongeza misumari. Reli ikavimba upande wa pili.

Nilidhani atalia. Alikaa kwenye kiti, chuma cha kulehemu mapajani, akasema taratibu, "Kesho unaondoka, na sitakuwa nimekuonyesha."

Mzee Dunstan akasimama. Akaifikia meza kwa fimbo, akaiweka fimbo pembeni, akashusha vidole viwili juu ya reli na kuvitembeza, polepole, kuanzia stesheni. Alizunguka meza yote. Alipomaliza akarudia upya.

"Nafasi ziko wapi?"

"Nafasi gani?"

"Yasinta! Baba alikuwa anaacha nini katikati ya reli na reli?"

Bibi akashika mdomo.

"Alikuwa na kile kibati chembamba," Mzee Dunstan aliendelea, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu mwenye haraka. "Anakiweka katikati, anakaza nati, anakichomoa. Mimi nilikuwa namshikia. Nikamwuliza, Baba, mbona unaacha shimo? Akasema chuma nacho kikipata joto kinataka kunyoosha miguu. Wewe umekibana huku na huku, kitalala wapi? Uliunga saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Asubuhi! Kwenye baridi!" Akacheka mpaka akakohoa. "Mtoto wa genge!"

Simu ikalia. Ni sauti ya Mzee Mussa wa Tabora, aliyewahi kuendesha treni yenyewe, treni kubwa, na huwa haongei sana kwenye kundi. "Bibi Masasi, samahani nikuulize. Nyumba yako ina dari?"

Tukatazama juu wote, hata Mzee Dunstan. Bati tupu. Watu wote wale, miezi yote ile ya kupeana ujuzi, hakuna aliyewahi kumwuliza mwenzake kwake kuna joto kiasi gani.

"Basi kata," alisema Mzee Mussa baada ya kujibiwa. "Kata sehemu nne, na kila sehemu ukate reli zote mbili. Unene wa msumeno wa chuma unatosha. Halafu umeme uuvushe kwa waya mwembamba kwa chini, uuache umelegea, usiuvute."

Bibi akakata. Kaka yake alimshikia reli isicheze, na waligombana kila mahali pa kukata: hapa, hapana hapa, wewe huoni, wewe unaona lakini hukumbuki. Alipokata kona ya dirishani, reli ilirudi yenyewe mahali pake, nikaiona kwa macho yangu ikijilaza. Akalehemu nyaya nane. Jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni na Imakulata alikuwa anampepea kwa daftari langu la jiografia.

Saa kumi na nusu akawasha.

Treni ilizunguka. Na safari hii haikuwa kimya. Kila ilipovuka palipokatwa ililia, ta-ta, halafu kimya, halafu ta-ta, behewa moja baada ya jingine, kitu kidogo sana ambacho ungeweza kukikosa kama pikipiki ingepita nje. Mzee Dunstan alikuwa ameinamisha kichwa karibu na meza, sikio likigusa plaiwudi. Bibi alikuwa amesahau kuondoa mkono kwenye transfoma. Sijui ilizunguka mara ngapi. Imakulata aliacha chai ikapoa.

"Niwasemeshe hao watu wako," Mzee Dunstan alisema mwishowe, bila kuinua kichwa. Bibi akamsogezea simu. "Mimi ni kaka yake Bibi Masasi. Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Wewe kijana wa Mafinga, huko kwenu mnalala na mablanketi mawili. Sisi hapa ni Masasi. Uwe unauliza kwanza."

Abuu aliomba radhi kwa maandishi marefu. Siku hizi mtu akiuliza swali kwenye kundi, kabla ya ushauri anaulizwa: uko wapi, na juu pana dari?

Waliondoka alfajiri, mimi sikuwaona. Mchana nilipotoka shule nilimkuta Bibi ameishika simu karibu na kona ya dirishani, anarekodi mlio wa treni, amenikataza kwa kidole nisisalimie. Aliituma kwa Imakulata, ambaye saa hiyo alikuwa na baba yake ndani ya basi, wameshavuka Rufiji. Tukakaa tunasubiri. Jibu lilikuja na kelele za abiria nyuma yake, na sauti ya Mzee Dunstan akiongea juu ya kelele hizo:

"Punguza mwendo hapo kwenye kona, Yasinta. Kuna watu wanavuka."